Masharubu Yangu Kwenye Lebo

Chumba cha nyuma,
Nyumba ya geti la kijani.
Jumatatu, 9 Juni.

Mpendwa mpwa wangu, mfamasia wa ukoo mzima,

Hujambo, mwanangu? Mumeo hajambo? Na wale mapacha, wameacha kung'atana au bado? Mgongo uliokuwa unakusumbua kwa kusimama dukani kutwa umepoa? Nijibu yote, usiruke hata moja, maana ukiruka nitajua kuna jambo.

Sisi huku tunapumua. Mimi hasa ni mzima kupita kiasi. Juzi mwalimu wa mazoezi wa ile jimu ya ghorofani alinishika mkono akauliza nanyanyua chuma cha kilo ngapi. Nikamwambia mimi sinyanyui chuma, chuma hunyanyuka chenyewe kikiniona. Mama yako naye, nitamfikia. Ngoja kwanza.

Utashangaa kwa nini nimeandika barua wakati simu ipo. Wiki iliyopita nilikupigia mara mbili. Mara zote mbili nilianza, "Mpwa wangu, kuna jambo zito," nawe ukacheka kabla sijafika penyewe, ukasema, "Haya mjomba, leo umeua nini?" Nami, Mungu anisamehe, nikakuhadithia habari ya nyoka kwenye tangi la maji. Hapakuwa na nyoka. Palikuwa na mpira wa kumwagilia. Ndiyo maana leo nimeshika kalamu, kwenye karatasi hakuna wa kunicheka njiani. Barua anakuletea jirani yetu dereva wa lori, keshokutwa utakuwa nayo.

Unajua jinsi biashara yangu ya vinywaji vya afya ilivyopamba moto. Watu wamebadilika mno. Zamani mtu akiwa na kiu alikunywa, basi. Siku hizi anageuza chupa na kusoma nyuma kama mkataba wa nyumba: nyuzinyuzi zimo, protini gramu ngapi, wale bakteria wazuri wa tumbo wako hai au wameshakufa? Dada mmoja wa benki hajagusa soda tangu mwaka juzi. Msusi anataka kahawa ya uyoga. Seremala, mtu mwenye viganja kama mbao zake, aliniuliza kwa sauti ya chini kama nina kitu cha kutuliza mawazo.

Nikaona hapa ndipo mahali pangu. Mimi niliyeacha shule darasa la sita kwa sababu mwalimu alikuwa ameishiwa cha kunifundisha, nikajifungia jikoni siku tatu. Nikachemsha tangawizi, manjano na bitiruti, nikatia tende kilo nzima na asali, nikaacha kichachuke kidogo. Chupa ya kwanza ilirusha kizibo chenyewe kikagonga dari. Alama ipo, ukija utaiona. Hilo ni la kweli.

Sasa sikiliza kosa lilipoingilia. Kwenye rafu za supamaketi nilikuwa nimeona vinywaji vya wenye uwezo vimeandikwa kwamba havikuongezwa sukari. Nikataka na changu kiandikwe, "Hakina sukari ya kuongezwa." Fundi wa kuchapa lebo akaniita nione kwenye kompyuta yake.

"Mzee, maneno yamekuwa mengi. Yanapanda juu ya picha yako. Nipunguze picha au nipunguze maneno?"

Picha ni yangu mimi, nimekunja mkono, msuli umesimama, na masharubu nimeyachana vizuri. Nikamwambia, "Masharubu hayaguswi. Kata maneno."

Akakata. Yakabaki, "Hakina sukari." Lebo mia tano. Sikuona ubaya wowote, mwanangu. Kwangu mimi sukari ni ile nyeupe ya kwenye mfuko, na hiyo sikutia hata kijiko.

Mama yako ndiye aliyekuwa mteja wangu wa kwanza. Chupa mbili kila siku, asubuhi na jioni, na yeye, fundi cherehani mzima, akawa ananitangazia kwa kila aliyekuja kupimwa nguo. Nami badala ya kutosheka na hapo, siku moja nikaviona vidonge vyake vya kisukari juu ya kabati, nikamwambia, "Dada, hivi ni vya watu wasio na kaka kama mimi." Tulicheka sana. Ni wiki tatu sasa hajameza hata kimoja.

Nimeandika sentensi hiyo nikaweka kalamu chini. Usinipigie kelele, mwanangu. Malizia kusoma kwanza.

Ijumaa alikuja dukani kwangu fundi wa miwani, mzee ambaye naye ana kisukari na hutembea na kile kimashine cha kutoboa kidole. Akajipima sukari palepale kwenye kaunta yangu: saba nukta mbili. Akanywa chupa moja, akakaa, akasoma gazeti langu lote mpaka matangazo ya vifo. Baada ya saa moja akajipima tena. Kumi na tano. Akanisogezea kimashine mbele ya wateja.

"Bingwa," ndivyo wanavyoniita hapa, "hiki ni kinywaji cha afya au ni keki iliyoyeyushwa?"

"Hiyo mashine yako imechoka betri."

"Betri nimeweka leo asubuhi. Humu umetia nini?"

"Tende na asali tu. Vitu vya asili."

"Na tende na asali ni nini, Bingwa? Chumvi?"

Watu walicheka, nami nikacheka kuliko wote. Nilifunga duka saa tisa mchana nikasema nina mgeni.

Tangu hapo nimekuwa mlinzi wa mama yako. Namhesabia safari za chooni, jana kabla ya chakula cha mchana zilifika saba. Jagi la maji halimtoki mkononi. Suruali ya mteja aliyoikata Jumamosi ina mguu mmoja mfupi, yeye ambaye tangu nizaliwe sijawahi kuona akikosea pindo. Anasema taa imekuwa hafifu. Taa ni ileile. Halafu kuna kidole cha mguu. Mkasi ulimdondokea wiki mbili zilizopita, kidonda hakizidi punje ya mahindi, na mpaka leo hakijafunga.

Nilimuuliza mbona anaenda chooni hivyo. Akanijibu, "Si sumu zinatoka? Wewe mwenyewe ulisema." Nilisema, ndiyo. Niliwaambia watu wote.

Basi Jumamosi hiyohiyo nikamfuata kwenye cherehani. "Dada, humo kwenye chupa mna sukari. Nyingi. Acha kunywa, twende zahanati wakakupime."

Akanitazama juu ya miwani, akacheka mpaka akashika meza. "Umeanza kuninyima? Wateja wamekuwa wengi, dada hana kazi tena?"

"Naapa, dada."

"Uliapa pia kwamba ulimfukuza chui kwa kiatu."

"Hilo lilikuwa la..."

"Kiatu chenyewe kilikuwa cha kushoto au cha kulia? Maana kila mwaka kinahama mguu."

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Miaka hamsini na miwili nimehangaika nipate watu wa kuniamini. Huyu mmoja aliyeniamini kuliko wote aliniamini kwenye uongo, na ukweli nilipomletea akautupa kapu moja na chui. Nikaficha chupa zote za nyumbani. Jana akajinunulia nyingine kwa muuza mboga, akarudi nayo anatabasamu kama amenishinda kwenye bao.

Leo asubuhi nimezunguka kila nilikopeleka mzigo: jimu, saluni, kantini ya benki, kwa muuza mboga. Nimekusanya chupa zote, na niliowakuta nimewaambia wenye kisukari wasiguse hata walizonazo majumbani. Msusi akauliza, "Vipi Bingwa, umefilisika?" Nikasema sijafilisika, nimekosea. Nadhani neno hilo hajawahi kulisikia kinywani mwangu.

Zote nitazimwaga. Ila kabla ya kumwaga nilitaka mama yako azione. Nimechukua kalamu nene nyeusi nikaandika juu ya kila lebo, KINA SUKARI. Nafasi ilikuwa ileile ndogo, kwa hiyo maneno yamepita juu ya masharubu, pua na jicho moja. Lebo moja nimekutilia ndani ya bahasha hii.

Nilikuwa nimefika hapo kwenye kuandika, mama yako akaingia kutafuta chupa yake ya jioni. Akakuta kreti zimejaa chumba. Akainua chupa moja, akaisogeza karibu, akaiweka mbali, akaisogeza tena, hayo macho yake.

"Umejichora usoni," akasema.

"Ndiyo."

"Picha uliyoipenda hivi."

"Ndiyo, dada."

Akakaa juu ya kreti. "Kwa hiyo ni kweli."

Nilifungua mdomo. Maneno yalikuwepo, unanijua, yalikuwa yamepanga foleni. Nikaufunga, kisha nikasema, "Ni kweli." Sikuongeza kitu.

Kisha akavua kandambili akakitazama kile kidole kana kwamba ni cha mtu mwingine. "Haya, kesho asubuhi twende," akasema. "Daktari akiuliza habari za vidonge nitamwambia nilisahau. Wewe utakaa nje, usije ukamwanzishia habari za chui."

Sasa ameenda kulala kidogo, na jua bado lipo. Si kawaida yake. Kila baada ya mistari miwili nasimama mlangoni nasikiliza kama anapumua. Nimemwambia akianza kutapika au kulegea hatungoji kesho, tunaondoka hapohapo.

Wewe ndiye uliyesoma mambo haya, niambie. Wiki tatu ni nyingi? Macho hurudi? Kidole kama kile hupona? Niandikie ukweli mtupu, usinionee huruma. Ukiipata barua hii tutakuwa tumeshatoka zahanati, kwa hiyo mpigie siku hiyohiyo. Akikuambia yuko salama usikubali, mwambie akusomee namba iliyo kwenye karatasi. Mimi usiniulize kwa simu. Kwangu mimi namba itapanda au itashuka kabla haijakufikia.

Na sitakaa nje, mwanangu. Nitaingia naye. Maisha yangu yote nimesema "ni mimi" kwa mambo ambayo sikuyafanya: chui ni mimi, nyoka ni mimi, daraja lililokuwa linaanguka nikalishika ni mimi. Kesho daktari akiuliza nani alimwambia aache dawa, nitasema ni mimi, na hili nimelifanya.

Nisalimie mumeo, mwambie ule mwavuli wake ninao na haukuchukuliwa na kimbunga. Wasalimie mapacha, na mama mkwe wako, na shangazi yako mwenye duka la vitambaa ukimwona, ila yeye usimweleze bado. Mungu akutangulie kazini na nyumbani, akupe mikono isiyokosea kuhesabu dawa za watu, na amwachie mama yako macho yake, miguu yake na hasira zake zote anazostahili kunionyesha.

Nakupenda, na hapo sijaongeza wala kupunguza,

Mjomba wako.