Kisima cha Masaki Kinatumika

Benedikta dada yangu, nakuandikia mbiombio.

Unajua mimi ndiye mpima maji wa kituo cha utafiti wa nyuklia. Leo asubuhi mkuu ananiambia niandike kwamba kisima cha Masaki hakitumiki.

Hakitumiki! Kisima alichochimba mama na wenzake kwa sururu walipohamishiwa kijiji cha Ujamaa! Jana tu nimewakuta wanakijiji wanachota!

Sababu? Kituo kinachimba shimo la taka zake pale jirani, na sheria inakataza shimo la taka karibu na kisima kinachotumika.

"Petronila, saini tu. Kazi huitaki?"

Saini tu!

Nikaandika: "Kinatumika. Watu wanakunywa." Nikasaini. Nakala ya kaboni nikampa mwenyekiti wa kijiji, naye ameshaifikisha wilayani. Jioni hii uchimbaji wa shimo umesimamishwa.

Nimefukuzwa. Sijutii hata kidogo. Nitandikie kitanda, nakuja Kibaha.