Maji ya Kumwogesha Mama

Tarehe 9 Machi

Kwako Dada,

Habari za huko na za kazi? Natumaini barua hii inakukuta ukiwa na afya. Sisi huku tunaendelea. Mama anakula, analala, na mkono wa kulia bado umegoma kama ulivyogoma siku ile alipopooza. Anakusalimu. Anasema uongeze mwili, picha uliyotuma inaonyesha shingo tu.

Mimi nimechoka, dada. Nimeliandika neno hili mapema ili usije ukaniambia nililificha chini ya salamu.

Baridi ya mvua imeingia na Mama lazima aogeshwe asubuhi na jioni, na kila akichafua shuka kunahitajika maji mengine. Ya baridi yanamkaza misuli mpaka analia. Kwa hiyo ni kuni. Msitu wa karibu umefungwa tangu mwaka jana, sasa tunakwenda nyuma ya kilima cha pili. Nikitoka alfajiri narudi jua limeshapanda, na muda huo wote Mama yuko peke yake, jirani akimchungulia dirishani akikumbuka. Mgongo wangu una miaka thelathini na miwili, lakini ukiuuliza wenyewe utakutajia sabini.

Kikundi cha akina mama kimeleta habari za mitambo ya maji moto inayotumia jua. Nyumba tisa za kule juu zimeshafungiwa. Mwenyekiti wa kikundi anapita mlango kwa mlango akisema kuni zitabaki hadithi ya wajukuu. Ila sikuandikii kwa ajili ya mtambo. Yule mama mwenye karakana ya sare za shule, aliyenifundisha kushona, ameniita tena nikahamie huko. Ananishikia cherehani mpaka mwisho wa Agosti, baada ya hapo anampa mtu mwingine. Miaka sita nimekuwa nikimjibu "bado kidogo". Naomba uje ukae na Mama, nami nijaribu maisha yangu, hata kwa mwaka mmoja. Wewe ndiye mkubwa, na tuko wawili tu.

Mdogo wako

---

Tarehe 11 Aprili

Mdogo wangu mpenzi,

Shikamoo zangu kwa Mama, na pole nyingi kwako. Mimi ni mzima, isipokuwa vidole vimekunjamana kwa maji. Barua yako nimeisoma mara tatu, mara mbili nikiwa kazini, nimeificha ndani ya aproni.

Hapa kwenye udobi wa hoteli maji ya moto yanatoka ukutani kutwa nzima. Sijui hata yanachemkia wapi. Nilipofika pale ulipoandika kilima cha pili, niliona aibu nikafunga bomba.

Ruhusa haipatikani kwa sasa. Ni msimu wa wageni, na msimamizi wetu mtu akiomba siku moja ananuna wiki. Lakini sikukaa bure. Nimewasiliana na mwenyekiti wenu, nyumba yetu imeandikwa ya kumi, mafundi watakuja mwezi ujao. Wanaweka kioo juu ya paa na tangi lililovikwa koti nene. Maji yanapata moto mchana, yanalala moto, asubuhi unafungua bomba tu. Kuni zikiondoka, kazi itabaki nusu. Unaweza hata kushona hapo hapo nyumbani Mama akiwa amelala.

Habari ya Agosti tutaizungumza. Kwa sasa jikaze kidogo, mdogo wangu.

Dada yako

---

Tarehe 24 Mei

Dada,

Hujambo? Sisi hatujambo. Mama ana kikohozi kidogo, kinapungua.

Mtambo umefika. Mafundi wawili walipanda paani asubuhi, mpaka saa nane bomba likawa bafuni. Mama alikataa kusimuliwa, ikabidi nimbebe na kiti chake mpaka uani akaone mwenyewe. Alitazama juu, kisha akasema, kwa ule ulimi wake mzito, "Jua nililikimbia shambani miaka yote, leo limenifuata bafuni." Mafundi walicheka wakakosa nguvu ya kukaza nati. Na kweli jioni ile maji yalitoka moto. Nilishika bomba nikalia, nakuambia wazi.

Sasa sikiliza. Tangu siku ya pili maji ni ya baridi. Siyo vuguvugu, ni baridi ya kisima. Leo siku ya kumi na sita. Nyumba zote tisa za juu wanaoga maji moto, wananiuliza, "Na ninyi mnaonaje?" nami najibu safi kabisa, kisha naingia njia ya nyuma kwenda kutafuta kuni nisionekane. Umenunua kitu kibovu, dada, ama umeuziwa na watu waliokupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Zamani nilikuwa nabeba kuni. Sasa nabeba kuni na uongo juu yake.

Kuhusu Agosti hukunijibu.

Mdogo wako

---

Tarehe 7 Juni

Mdogo wangu,

Salamu kwenu. Mimi mzima.

Mtambo ni ule ule waliofungiwa wenzako wote. Mwenyekiti ananiambia nyumba tisa hazina hata lalamiko moja, la kwetu tu ndilo limeletwa. Nimemwomba amtume fundi aje kutazama. Tafadhali usimpokee na maneno. Na usiniandikie tena kwamba nimenunua kitu kibovu. Nimekaa kwa kunde na chai miezi mitatu kwa ajili ya kitu hicho.

Dada yako

---

Tarehe 2 Julai

Dada,

Kwanza afya: Mama mzima, kikohozi kimekwisha. Pili, nakuomba msamaha. Tatu, ukisoma haya uwe umekaa.

Fundi alikuja. Nilikuwa nimejiandaa kumtolea kesi yote, ila hata sikufika mbali. Alisimama uani, akatazama paa, akaniuliza ile shuka ya maua juu ya kioo ni ya nini. Nikamweleza kwamba ndiyo nafunikia kioo kila asubuhi, kunguru wasikichafue na vumbi lisikikwaruze, na jioni jua likizama naiondoa nikifute. Aliniuliza tena, taratibu, kama anayezungumza na mgonjwa, "Unakifunika asubuhi?" Halafu akakaa chini kwenye ngazi ya mlango, akaweka spana pembeni, akacheka mpaka akashika mbavu.

Usinicheke na wewe. Unajua jinsi ninavyotunza vitu vyako. Redio uliyotuma bado iko ndani ya nailoni yake. Lile blanketi la bluu halijawahi kufunuliwa, liko kabatini. Kila ulicholeta nimekiweka kisafi ili siku ukija usiseme nimekichezea. Basi na kioo nacho nikakiwekea shuka. Kumbe nilikuwa nalizibia jua mlango.

Mama alipohadithiwa alicheka, dada. Sijamsikia akicheka hivyo tangu apooze. Aliniita Chiriku, jina langu la utotoni, akasema nina maneno mengi lakini akili niliisahau tumboni mwake.

Tangu siku ile maji ni moto. Moto kweli, unachanganya na ya baridi. Kuni zilizobaki nimempa jirani. Asubuhi namwogesha Mama, namlisha, namlaza upande wa dirisha, na nikiangalia saa ni saa mbili na nusu. Siku ya kwanza nilikaa kwenye kiti sikujua nifanye nini na mikono. Siku ya pili nililala mchana nikaamka shuka imejaa jasho. Siku ya nne, ya tano, nilingoja uchovu uondoke. Haukuondoka. Nilikuwa nikidhani nimechoshwa na kuni. Sasa kuni hazipo, na bado nikisikia Mama ananiita kutoka chumbani, kabla sijainuka moyo unakuwa mzito. Nampenda Mama, hilo usiliguse. Lakini miaka sita nimekuwa mimi peke yangu, na kila nilipokuomba uje uliniletea kitu.

Umenifanyia wema mkubwa na sitausahau. Umenipa nafasi ya kufikiri, nami nimefikiri. Mwisho wa Agosti nakwenda karakana. Tafuta ruhusa.

Mdogo wako

---

Tarehe 29 Julai

Mdogo wangu mpenzi,

Nakusalimu, na Mama msalimie kwa kumshika ule mkono mgonjwa.

Nimeandika barua hii na kuichana siku nne. Nilitaka kukuambia tutafute msichana wa kazi. Nilitaka kukuambia unisubiri mpaka Desemba. Zote hizo ni chenga, na wewe umeshanizoea.

Ruhusa siyo tatizo. Msimamizi hununa, ila hutoa. Mara ile moja nilipokuja, miaka mitano iliyopita, uliniacha na Mama ukaenda dukani. Alijichafua. Nilisimama mlangoni na beseni mkononi nikashindwa kuingia. Yeye alinitazama, akageuza uso ukutani. Uliporudi nilikuambia amelala. Wewe ndiye uliyemsafisha, nami kesho yake nikasema nimeitwa kazini. Sikuitwa na mtu.

Mama huyo alikuwa akitubeba sote wawili akipanda kilima, nami nimeshindwa kumvua nguo. Nafua shuka za watu nisiowajua, zenye kila uchafu, na sijawahi kuona kinyaa. Naogopa, mdogo wangu. Naogopa atanitazama tena vile. Nitumie neno lolote.

Dada yako

---

Tarehe 20 Agosti

Dada,

Natumaini u mzima. Sisi wazima.

Naondoka Jumamosi ya tarehe 30 kwa gari la saa sita. Asubuhi nitamwogesha mimi. Jioni ni zamu yako. Usipofika, jirani atakaa naye mpaka Jumatatu, zaidi ya hapo hawezi, ana watoto wake.

Anza na mgongo, ukiwa umesimama nyuma yake. Hivyo hamtatazamana mpaka mzoeane.

Mdogo wako

---

Tarehe 21 Septemba

Mdogo wangu,

Habari ya hapo karakana? Mguu hauvimbi kwa kukanyaga cherehani? Mama anakula vizuri na anauliza kama wanakulisha. Mimi nami sijambo, ila mgongo umeanza kunisema.

Najua ulinisubiri siku ile. Jirani ameniambia ulisimama njiani na begi mpaka dereva akapiga honi mara tatu. Gari nililopanda liliharibika, hiyo ni kweli, unaweza kumuuliza yeyote. Lakini la mapema zaidi nililiacha lipite. Nilikuwa nimekaa kituoni, tiketi mkononi, miguu ikakataa. Nilifika Jumapili jioni.

Nilimkuta Mama kiti kimeelekezwa mlangoni. Nikakimbilia bafuni kama mtu anayejua anachofanya, nikafungua bomba, nikaunguza mkono. Uliandika kwamba ni moto, nikadhani unatia chumvi. Nilichanganya maji, nikamleta, nikasimama nyuma yake kama ulivyosema. Mifupa ya mabega yake imekuwa midogo sana. Hilo hukuwahi kuniandikia.

Akiwa amenipa mgongo akasema, "Chiriku, leo mbona umenyamaza?"

Mwanzoni nilidhani anatania. Siyo utani. Jirani anasema alianza kuchanganya siku ile ile uliyoondoka. Ananiita kwa jina lako asubuhi na jioni. Mchana, akili ikiwa imetulia, ananijua vizuri, ananiuliza habari za hotelini. Lakini maji yakimgusa tu ni wewe, anakuhadithia mambo ya siku nyingi ambayo mimi sikuwepo, na anataka nijibu. Wiki ya kwanza nilikuwa namsahihisha. Nilimwambia, "Mama, ni mimi mkubwa." Akawa anakaza mwili wote, anavuta taulo ajifunike.

Sasa nimeacha. Akiita Chiriku naitika. Analegea, ananiinulia mkono mzima nimsugue kwapa, na mimi nalia nyuma yake, naye anadhani ni maji yanatiririka.

Uliniandikia miaka sita kwamba umechoka, nami kila barua niliisoma mpaka mwisho, nikaikunja vizuri. Usirudi kwa kunihurumia. Kaa hapo ushone. Nitumie tu mambo mliyokuwa mkizungumza mkiwa bafuni, yote unayokumbuka, nipate cha kumjibu.

Dada yako