Wimbo Wangu Umevuka Sirari

Jumatatu, 5 Mei
Nimekamua. Nimeziba boma kwa miiba mipya. Ng'ombe za mahari ya Gati, binti yangu wa mwisho, zinavuka Jumamosi kutoka Kenya. Baba wa bwana harusi ni Nyamhanga, rika langu. Tulitahiriwa msimu mmoja, kwa hiyo salamu yetu ni matusi. Jana kwenye uchumba nilipiga iritungu, kinubi chetu cha Kikurya, nikamwimbia: nitavuka mpaka, nitafagia ng'ombe zenu, mtabaki na kamba. Alicheka mpaka akakohoa. "Fisi mzee wewe, utakufa kabla hujavuka!" Tarime na Serengeti yote hakuna wa kunishinda kwa nyuzi. Anayebisha aje.

Jumanne, 6 Mei
Niko kwenye simu! Gati kanionyesha. Dada yangu wa Mbalibali naye ameniona, kapiga kelele kama kuku. Sura yangu imetoka vizuri. Chini kuna maandishi, nimesoma polepole: MZEE WA TANZANIA ATANGAZA KUIVAMIA KENYA. Gati amenuna. Anasema kwenye video wameondoa sherehe yote ya uchumba, wamemwondoa na Nyamhanga akicheka. Nimebaki mimi na ng'ombe. Nimemwambia aache. Jina langu linapanda.

Jumatano, 7 Mei
Redio ya ng'ambo ya mpaka, Kenya, imeniweka. Wamefasiri Kikurya changu. Kwetu baba wa binti akiimba atafagia ng'ombe, hata mtoto anajua ni mahari. Wao wamesema kupora. Mtangazaji yule hajawahi kukamua. Vijana wa kule wamejibu kwa video, mapanga mkononi. Wa huku wamejibu na wao, wakiimba wimbo wangu. Wanaukosea. Hawakuniomba.

Alhamisi, 8 Mei
Mwenyekiti wa mtaa kaja. "Shikamoo mzee Mwita. Sema maneno mawili tu, kwamba ni wimbo wa mahari na unaomba radhi. Nirekodi, niwatumie." Nimekataa. Niombe radhi kwa kuimba vizuri? Nimemwambia akajifunze kwanza kupiga filimbi. Kaondoka bila kunywa chai. Gati naye hakula.

Ijumaa, 9 Mei
Ng'ombe zimeibwa upande wa Kenya. Si za Nyamhanga, za jirani yake. Sijui nani kaiba. Goti langu halifiki hata kisimani.
Nilikwenda Sirari, mpakani, kwa bodaboda, nitafute habari. Mama mmoja wa Kenya anayeuza ndizi akanikazia macho. "Huyu si ndiye mzee wa ile video? Ati alisema anakam, anakuja kutupora!" Akafunga mzigo. Wengine wakafunga.
Nimeogopa. Nasema hapa tu.
Nimerudi moja kwa moja kwa mwenyekiti. Nimeomba radhi kwenye simu yake. Na niliongea vizuri, mwenyewe kasema.

Jumamosi, 10 Mei
Wageni wamekuja asubuhi, wamekaa. Pombe imechacha kupita kiasi. Ng'ombe hakuna. Wageni wameondoka mmoja mmoja, kila mtu na sababu yake.
Radhi yangu imeshazunguka. Wamekata tena. Maandishi mapya: MZEE AKIRI.
Ningesema Alhamisi ingekuwa radhi. Baada ya wizi imekuwa kukiri. Nimempigia Nyamhanga. Inaita tu.

Jumapili, 11 Mei
Nyamhanga katuma ujumbe. Gati alitaka kunisomea, nikakataa, nikasoma mwenyewe. "Shikamoo mzee Mwita. Poleni na majukumu. Kuhusu lile jambo, tutawajulisha. Asante."
Shikamoo. Rika langu. Tangu kisu kitupitie hajawahi kuniamkia.
Nimesoma tena nikitafuta tusi. Hakuna hata moja.
Gati anakunja vitenge vyake, anavirudisha sandukuni. Nimelegeza nyuzi za iritungu. Bodaboda imepita barabarani, simu ya dereva inaimba wimbo wangu. Lango la boma sijalifunga, labda ng'ombe za Gati bado zitavuka.