Nyumba Isiyo na Ngazi

Duluth, 9 Aprili

Mdogo wangu Carita,

Theluji inayeyuka na sisi hatujambo. Tumetoa ofa ya kununua nyumba isiyo na ghorofa kule karibu na ziwa, na hii yetu bado hatujaiuza.

Dalali alitaka tuweke sharti kwamba tutanunua tukishauza yetu. Mwenye nyumba akakataa, maana ana mteja mwingine asiye na masharti. Nikalifuta, naye akakubali. Yetu isiponunuliwa upesi, hatutaweza kulipa mikopo miwili, na benki inaweza kutunyang'anya nyumba zote mbili. Lakini itanunuliwa.

Jirani ameniletea sanamu ya Mtakatifu Yosefu niizike uani kichwa chini, eti huvuta wanunuzi. Orrin alicheka sana.

"Mke wangu, sisi Walutheri tangu lini tunazika watakatifu?"

"Tangu leo, mzee. Shika koleo."

Alijaribu, mkono ukakataa. Tangu apate kiharusi analala jikoni, kwa kuwa vyumba vya kulala viko juu na hawezi kupanda ngazi. Sikutaka kukuandikia hilo.

Jana nilimpeleka kuiona nyumba mpya. Alitembea peke yake kutoka mlangoni hadi chumba cha kulala, akafungua dirisha, akaniuliza kitanda chetu kikae upande gani.

Dada yako akupendaye,
Marlys