Shuka Langu Limetekwa na Mhehe

Ipogolo, Iringa
Majira ya kipupwe

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo Mama. Shikamoo pia kaka Tito unayemsomea Mama barua hii. Soma polepole, usiruke pale ninapojisema vibaya. Mnaendeleaje huko Ubaruku? Goti la Baba limeacha kumsumbua? Yule ng'ombe mwekundu ameshazaa? Mimi ni mzima. Baridi ya huku inauma masikio, lakini nimenenepa, gauni la Krismasi halinifungi tena.

Kwanza nikuondolee wasiwasi. Ile barua yangu iliyopita, iliyomfanya Baba aseme atakuja kunichukua mpunga ukishavunwa, naomba muisahau. Baba aje, ila asije kunichukua. Ngoja nieleze yote, hata ninayoyaonea haya.

Unajua nilivyoishi shuleni kule Mbeya. Kigugumizi changu ndicho kilikuwa mchezo wao. Waliniita Gobore, kwa kuwa gobore hushindiliwa baruti weee, likifyatuliwa linatoa moshi tu. Nikisimama kusoma, darasa zima lilinisaidia kugugumiza. Shuka langu walilificha mara kwa mara ili waone nitaliombaje. Mwisho nikaacha kusema kabisa, hata chumvi sikuomba. Ndipo mchungaji wa kanisa letu akanileta hapa chini ya mlima, kwenye hii shule ndogo ya watoto ambao wenzao waliwaonea mpaka wakashindwa kusoma.

Hatujazi hata mabenchi matatu. Yuko Yusufu mwenye matege, yuko msichana aliyeungua uso kwa uji, na wengine. Watu wa hapa wanaiita shule ya waliao. Sikufichi Mama, mwanzoni niliona aibu, nikadhani tumetengwa kama ndama wagonjwa. Lakini darasani hakuna aliyenicheka. Mwalimu Elia ametufundisha desturi moja: mtu akikwama kwenye neno, wote tunatazama dirishani na kungoja, kama unavyomngoja ng'ombe avuke mfereji. Basi nikavuka, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza.

Taabu ikaanzia jikoni. Mpishi wetu ni Bibi Sekalinga, Mhehe mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Aliniuliza kwetu ni wapi, na aliposikia kuwa mimi ni Msangu akaweka mwiko chini, akapiga makofi. Akawatangazia wote kwamba amekuja mjukuu wa watoro, kwamba babu zetu walikimbia mbele ya babu zake hadi Usafwa kule Mbeya bila kukumbuka hata vyungu, na kwamba miguu yangu bado inanuka tope la mpunga. Wote wakacheka. Kesho yake shuka langu la buluu halikuwepo kwenye kamba. Bibi alikuwa amejifunga hilo shuka, anasonga ugali. Akasema ni mateka ya vita, na nikilitaka nije kulidai kwa mdomo wangu.

Mama, utani naujua. Nimewaona wale Wahehe wanaokuja kwetu kununua mchele wakimtukana Baba huku wamemkumbatia, naye akicheka tu. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mimi niliona ni Mbeya tena: shuka limekwenda, watu wanacheka, na mimi sina neno. Ndipo nikawaandikia ile barua, nikawa nakwenda kujificha nyuma ya banda la kuni wakati wa chakula.

Bibi akanifuata huko na bakuli la ugali na maharage. Akaketi juu ya gogo, hacheki. Akaniuliza kule Mbeya walikuwa wananicheka nini. Kulitamka neno "mdomo" kulinichukua muda, naye alikuwa anautazama tu mlima.

"Mdomo wako ni kazi ya Mungu, mjukuu wangu," akasema. "Huo sina ruhusa nao. Mimi nakucheka Usangu wako. Na Mhehe akimcheka Msangu, Msangu hujibu. Sasa wewe unaninyamazia kila siku kama vile mimi si mtu. Nimekukosea nini?"

Yaani alikuwa ameumia yeye! Sikujua nicheke au nilie, nikala ule ugali wote.

Kesho yake tumepanga foleni na sahani zetu, akaanza tena: jamani fungueni madirisha, tope la Ubaruku limefika. Nikaweka sahani chini.

"Ba-babu zetu hawakukimbia," nikasema. "Wa-wa-wa..."

Nikakwama. Foleni yote ikatazama dirishani. Hata Bibi akageuza shingo, mwiko uko juu, ugali unaungua.

"Waliwaacha nyuma. Nyinyi mlikuwa mnangoja pombe yenu ya ulanzi ijae kwenye mianzi."

Yusufu akaangusha sahani. Bibi alicheka mpaka akakalia gunia la unga, kisha akapiga vigelegele, eti leo amepata mtani. Shuka hakunirudishia, anasema ni la kukombolewa kwa mchele wa Ubaruku. Nami nimeuteka mwiko wake. Siku hizi anasonga kwa kijiti cha kuni, na Yusufu ananilaumu mimi kwamba ugali unanuka moshi.

Mwalimu anasema mwakani walio tayari watapanda mlima kusoma katika shule kubwa ya mjini, kule juu. Naogopa, Mama. Lakini nimemwambia anihesabu.

Nisalimie Bibi mzaa Baba, mwambie dawa yake ya kifua bado ninayo. Nisalimie shangazi wa Chimala anayeuza dagaa, na wadogo zangu wote wanaogombania kitanda changu, waendelee tu kukilalia.

Baba akija abebe kikapu cha mchele. Na mwambieni mapema: Bibi Sekalinga atakuwa anamngoja barabarani, ataanza kumtukana kabla hajashuka kwenye lori. Namjua Baba, maneno yake ni machache. Asiudhike, na asihangaike kutafuta la kusema. Nitamjibia mimi.

Ni mimi binti yako,
Rehema