Karatasi Yenye Saini ya Dada

Tarehe 6 Februari

Dada mpendwa,

Shikamoo. Habari za masomoni, na afya yako? Sisi hatujambo, baba anakusalimu sana. Mimi bado mlinzi wa geti la bustani ya jiji, na wiki hii kwa mara ya kwanza sioni haya kuvaa sare.

Amri uliyoipigania ofisini kwako jijini, ya kuzuia magari bustanini, imefanya kazi. Hujui uchafu niliouokota wenye magari walipoondoka: nepi, mifupa ya kuku, chupa za mkojo zilizofungwa vifuniko vizuri kabisa, utadhani zinangoja mteja. Wale waliokuwa wakioshea magari bwawani wameacha utando wa mafuta mpaka bata wamebadilika rangi. Lakini barabara ya ndani sasa ni ya watu. Baba, na kiharusi chake, jana alitembea kutoka getini hadi bwawani bila kushikwa. Nilipomfikia akaniuliza nilikuwa nimechelewa wapi.

Mdogo wako

Tarehe 15 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi mzima, isipokuwa usingizi wa darasani. Habari za baba zimenifurahisha, mwambie asizidishe mbwembwe.

Gari la wagonjwa na la taka lazima yapite. Kwa hiyo kabla sijaja huku masomoni nilimwachia karani wa ofisi yangu vibali nilivyokwisha kuvisaini, nafasi ya jina nikaiacha wazi. Ofisini tunaita kuacha mkono. Mkubwa akisafiri, kazi hazilali. Mwenye karatasi yenye saini yangu mfungulie. Asiye nayo, hata awe nani, ashuke atembee.

Dada yako

Tarehe 9 Machi

Dada,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Sisi huku si wazima.

Gari la wagonjwa lilikuja mara moja tu. Baada yake likaja la mke wa mkurugenzi wa jiji, ambaye eti daktari kamwambia atembee: anaendesha mpaka bwawani, analizunguka gari lake mara mbili, anaondoka. Kisha msafara wa harusi. Kisha shemeji wa karani, na majirani wa shemeji. Wote wana karatasi, wote wana saini yako. Nawaonea kinyaa wote, na sijui nianze na nani.

Jumamosi mmoja wao alimpigia baba honi kwa nyuma. Baba akaangukia maua, akajikojolea mbele za watu. Mwenye gari alishusha kioo akamwambia mzee ajifunze kupisha. Nilikwenda mbio nimekunja ngumi, akanionyesha karatasi yako. Na geti nilimfungulia mimi mwenyewe. Baba hakuvunjika, lakini tangu siku hiyo hataki kutoka kitandani, na daktari anasema mguu usipotembezwa utakakamaa moja kwa moja. Andika kwa jiji kwamba vibali vile ni batili, kwamba ulivisaini bila majina.

Mdogo wako

Tarehe 20 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba, na pole zangu zimfikie baba. Nimelia sana. Lakini nielewe: nikiandika kwamba nilisaini karatasi tupu, nitakuwa nimejifukuza kazi mwenyewe, na mwezi ujao natarajiwa kupandishwa cheo. Nikishakipata nitawazuia wote. Vumilia. Kwa sasa baba atembee uani.

Na safari yake ya bwawani pia nimeifikiria. Humu ndani ya bahasha kuna kibali, nimekijaza jina lake. Kodi teksi impeleke mpaka ukingoni, umtembeze hapo hapo.

Dada yako

Tarehe 29 Machi

Dada,

Shikamoo. Barua yako nilimsomea baba neno kwa neno, nikamwekea kibali mkononi. Alikisoma, akauliza kama mwandiko ni wako. Nikasema ni wako. Akaomba nimsaidie kuvaa.

Tulitumia saa nzima kufika getini, yeye kanishika bega, mguu unaburuta. Hakuingia ndani. Alisimama katikati ya njia, akaniambia nimwachie. Gari la kwanza lilipofika, mwenye nalo akatoa karatasi dirishani. Baba akaipokea, akaisoma mpaka chini.

"Aliyesaini hapa ni mwanangu," akamwambia. "Kuandika nilimfundisha mimi. Geuza gari."

Yule mtu akageuza. Wa pili naye akageuza. Wa tatu alikuwa mke wa mkurugenzi, huyo akapiga simu.

Nimeambiwa kesho nirudishe funguo, na nitazirudisha. Baba anasema kesho atasimama tena pale, niwe na kazi au nisiwe nayo. Kibali chake nakurudishia humu. Nilidhani angekichana, lakini hakukichana. Amesema tu anaona aibu kulala nacho nyumba moja.

Mdogo wako