Mama Habanduki Chuno

Chuno,
Mtwara.
9 Machi 2025

Mpendwa kaka Raimundo,

Kwaresima hii ikukute mzima huko Dodoma, wewe, wifi Doris na watoto. Kifua cha Baraka kimepona? Sisi hatujambo, joto tu ndilo linalotutesa. Mama anakula vizuri na anagomba vizuri zaidi, kwa hiyo jua afya anayo.

Barua yako ilinikera, nikuambie ukweli. Unasema Pasaka unakuja kumchukua mama, kwa kuwa Chuno si mahali pa kuishi mtu mzima. Sikulaumu. Hata mimi, siku ile lori la korosho lilipomkwangua bega akaanguka na beseni lake la mihogo, nilitamani kuhama. Lakini ukimtoa pale langoni pa ghala la korosho anapouza mihogo, ukamweka mbali na wateja wake na wenzake wa jumuiya, upweke utamuua. Ameniambia hivyo akilia. Hujawahi kumwona mama akilia, kaka.

Sasa sikia. Tulilalamikia mwendo wa malori hayo mpaka koo likakauka. Vijana wakarundika tuta la udongo barabarani, mvua ya kwanza ikaondoka nalo. Madereva wakasema wana haraka, msimu haumngoji mtu.

Desemba mjukuu wa Bi Mwanahawa, mwenyekiti wetu wa mtaa, akatoka unyagoni. Tukampitisha barabara ileile ya ghala, ngoma mbele, vigelegele nyuma. Malori yote yakasimama. Si unawajua watu wa kwetu? Nani atampigia honi mwali? Madereva wakashuka mmoja mmoja kumtunza pesa, hata Josephu, yule aliyemwangusha mama.

Bi Mwanahawa akanyamazisha ngoma, akawatazama.

"Kumbe breki mnazo," akasema.

Weee! Josephu akamfuata mama, akapiga magoti palepale vumbini. Mama akamsamehe, ila akamwambia msamaha hausimamishi lori. Kesho yake madereva wenyewe wakafuatana na Bi Mwanahawa kwa mwenye ghala, kisha manispaa. Leo tuna matuta ya lami na kivuko cha mistari myeupe, na wabanguaji wa korosho wakitoka kazini, dereva mmoja anasimama na kibendera chekundu. Wamebaki bodaboda wenye vichwa vigumu. Hao nao tutawanyoosha.

Jana mama alivuka, beseni kichwani. Nilitaka kumshika mkono, akanikatalia. Nikabaki ng'ambo nimesimama kama mjinga, machozi yananitoka.

Shangazi Ines anakusalimu sana, na mwanawe Dercio anauliza kama bado unashabikia timu yenu ile ya kufungwa. Mbusu Baraka kwa niaba yangu. Mungu awatangulie njiani kote.

Pasaka njoo, kaka, ila uje kula na mama, usije kumhamisha. Na ukifika kona ya ghala punguza mwendo, mama yako anavuka.

Mdogo wako akupendaye hata ukimkera,
Laurinda